Kombi T2 ya kulala ndani: matengenezo ya kufanya mwenyewe, kuanzia mpira wa petroli hadi turubai la paa

#1 Spana13

Wakuu, salamu.

Uzi huu ni wa Volkswagen Type 2 ya kizazi cha pili, ile yenye kioo kimoja cha mbele kilichopinda. Ujerumani waliitengeneza kuanzia 1967 hadi 1979. Brazil waliendelea na umbo hilo hadi Desemba 2013, ila zao za kuanzia 2006 zina injini ya kupozwa kwa maji, kwa hiyo mambo ya injini humu ndani hayazihusu. Nazungumzia hasa zile zilizofungwa kitanda, jiko na paa la kunyanyuka, za kampuni ya Westfalia na wengineo.

Mtu akiipata Kombi hukimbilia mapazia, godoro na rangi. Naomba tukubaliane na mpangilio mwingine: petroli isivuje, breki zishike, injini isichemshe, bati lisioze. Kitanda kije mwisho.

Naanza na petroli, kwa sababu Kombi nyingi zimeteketea kwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote, yaani mpira. Mipira ya asili ni raba iliyovikwa kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kinaficha nyufa. Chomoa kipande kimoja ukikunje kati ya vidole. Ukiona mistari midogo ya kupasuka, badilisha mipira yote siku hiyo hiyo, usichague. Injini ya kabureta inataka tundu la ndani la milimita 5, ya injekta milimita 7. Tafuta mpira ulioandikwa SAE J30 R9, huo unavumilia ethanoli na presha ya injekta. Kwa kabureta mita mbili zinatosha na kubaki. Klipu ziwe za mkanda laini wenye kingo zilizokunjwa nje. Zile za kawaida zenye matundu ya meno hukata mpira mwembamba taratibu bila wewe kujua.

Kuna sehemu nne ambazo watu huziruka.

Kwanza, kijibomba cha shaba njano kinachoingiza petroli kwenye kabureta ya Solex. Kimepachikwa kwa kusukumwa tu, hakina uzi. Joto na mtikisiko vinakilegeza, kinachomoka, petroli inamwagika injini ikiwa inaunguruma. Injini ikiwa baridi kishike ukizungushe. Kikicheza hata kidogo, fungua kifuniko cha kabureta, kitoe, kisha ukirudishe kwa gundi inayohimili petroli, au mpe fundi wa mashine akate uzi na kuweka kiunganishi cha skrubu. Njia ya pili ndiyo ya kudumu.

Pili, filta ya plastiki inayoning'inia juu ya distribyuta. Uzito wake unauvuta mpira. Ihamishie upande wa kuvuta, kabla ya pampu, chini na mbali na cheche na ekzosi.

Tatu, raba ndogo pale bomba la chuma la petroli linapopenya bati la mbele la injini. Ikikosekana, bati linalikata bomba kama msumeno.

Nne, mpira wa kutoka kwenye tenki pamoja na ile ya kupumulia tenki. Huo wa tenki unafikika vizuri injini ikiwa nje, kwa hiyo ukishusha injini kwa sababu yoyote ile, badilisha.

Kizimamoto cha unga cha kilo 2 kikae karibu na mlango wa dereva. Kukiweka nyuma ni kukiweka pale pale moto utakapoanzia. Na kasha la injini ya 1600 ni aloi ya magnesi: likishashika moto, maji yanauchochea.

---

#2 Mlima_na_Bonde

Ahsante mkuu. Swali langu ni la joto. Injini 1600, kabureta moja. Kwenye mlima mrefu nguvu zinashuka na harufu ya oili inapanda. Nimeshauriwa kufunga kipozea oili cha ziada chenye feni yake. Kuna haja?

---

#3 HewaBaridi

Mkuu Mlima_na_Bonde, subiri kwanza, usinunue kitu.

Injini hii inapozwa na hewa inayovutwa kutoka chumba cha injini, inasukumwa na feni, inapita kwenye mapezi ya silinda na hedi, halafu inatokea chini. Chini kuna ekzosi na hewa yenye moto. Kinachotenganisha juu na chini ni bati linalozunguka injini pamoja na mpira mnene unaoziba pengo kati ya bati hilo na bodi. Mpira huo ukioza, feni inanyonya tena ile ile hewa iliyokwisha kupita kwenye injini. Hapo hata ufunge vipozea vitatu, unazungusha moto tu.

Fanya ukaguzi kwa mpangilio huu:

Washa taa ndani ya chumba cha injini usiku, uchungulie kutoka chini. Popote unapoona mwanga, hapo hewa moto inapanda. Ziba.

Tazama raba kubwa za plagi, zile za duara zinazokaa juu ya bati. Zikipasuka, hewa ya feni inatoroka kabla haijafika kwenye hedi. Plagi nne, raba nne, bei ndogo.

Tazama midomo miwili ya kasha la feni inayopeleka hewa kwenye hita. Kama mipira ya hita iliondolewa na midomo imeachwa wazi, sehemu ya hewa inamwagika bure. Unganisha tena au ziba kwa vifuniko vya chuma.

Tafuta mabati ya chini ya silinda, yale yanayoilazimisha hewa ikumbatie silinda hadi upande wa pili. Injini iliyofunguliwa mara nyingi huwa haina. Mafundi hukosa muda wa kuyarudisha, nayo yanaishia nyuma ya gereji. Bila hayo hewa inapita njia fupi na upande wa chini unaungua.

Kisha mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati: ushuke takriban milimita 15. Unakazwa kwa kupunguza washa (pete nyembamba za bati) kati ya nusu mbili za puli ya dainamo, na unalegezwa kwa kuziongeza. Washa unazotoa katikati zipachike nje, chini ya nati, zisipotee. Kwenye 1600 mkanda huu unazungusha dainamo na feni pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, simama pale pale. Ukisema "nitafika tu" umeipika injini. Kwenye injini za Type 4 (1700, 1800 na 2000) feni imefungwa kwenye krenki yenyewe, kwa hiyo mkanda ukikatika unakosa chaji tu.

Silinda namba 3 ndiyo hufa mapema. Kwenye injini za kabla ya 1971 kipozea oili kimesimama ndani ya kasha la feni, juu ya njia ya hewa ya silinda hiyo. Baadaye kiliwekwa pembeni kwenye kijumba chake. Ukijenga injini upya, tumia mpangilio huo wa baadaye.

Mwisho, oili. Injini ya 1600 inachukua lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi, ina chujio la waya. Oili kidogo hivyo inachoka haraka: badilisha kila kilomita 5,000, au mapema zaidi kwenye vumbi. Nati sita za sahani ya chujio ni za M6 na nguvu ya kuzikaza ni Nm 7 (kwa spana ya kipimo), si zaidi. Stadi zake zimeshikwa na aloi laini. Ukizikaza kwa mkono wa nati za gurudumu, zinang'oka na uzi wake.

---

#4 ValvuSafi

Naongezea kwenye joto: valvu. Ukisahau yote ya uzi huu, hili usilisahau.

Upenyo (nafasi kati ya shina la valvu na mkono unaoisukuma) ni milimita 0.15 kwa valvu zote za injini ya 1600, na unapimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Unahitaji fila geji (vibati vyembamba vya kupimia upenyo), spana ya ringi namba 13, bisibisi bapa pana na gaskiti mbili za vifuniko.

Silinda 1 ni ya mbele kulia, 2 nyuma kulia, 3 mbele kushoto, 4 nyuma kushoto. Mbele hapa ni mbele ya gari. Geuza puli ya krenki mpaka alama ya pistoni kuwa juu kabisa ikae kwenye mstari wa kuungana kwa kasha na rota ya distribyuta ielekee kwenye mkato mdogo wa ukingoni. Hiyo ni silinda 1, valvu zake mbili zimefungwa. Rekebisha. Kisha zungusha puli nusu duara kinyume cha saa: umefika silinda 2. Nusu nyingine, 3. Nusu nyingine, 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, ndiyo maana ukirudi nyuma unapata 1, 2, 3, 4 bila kuchanganyikiwa.

Geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Shika skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, halafu pima tena, kwa kuwa kukaza kunaibadilisha. Ukibaki na shaka kati ya kulegea na kubana, chagua kulegea. Valvu iliyolegea inapiga kelele. Iliyobana haifungi vizuri, haigusi kiti chake muda wa kutosha kupoteza joto, na inaungua kimyakimya.

Andika namba kila unapopima. Valvu ya ekzosi ikikutwa imebana mara mbili mfululizo ndani ya kilomita elfu chache, usiendelee kurekebisha tu. Ama shina lake linarefuka, ama kiti kinazama. Hatua inayofuata ni kichwa cha valvu kukatika na kutoboa pistoni. Vua hedi kabla ya hapo.

Injini za Type 4 zina vipimo vyake, na za 2000 ekzosi huwa 0.20 kulingana na aina ya valvu. Soma kitabu cha injini yako.

---

#5 Spana13

Taimingi, yaani wakati cheche inapopigwa, nayo ni joto. Pointi za distribyuta milimita 0.4, plagi 0.6 hadi 0.7. Weka pointi kabla ya taimingi, kwa kuwa ukibadilisha pengo la pointi taimingi inahama.

Ukiwa na taa ya taimingi, usiishie kuitazama kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta). Chomoa mpira wa vakyumu, uzibe, panda hadi mizunguko 3,500 kwa dakika na uhakikishe haivuki digrii 28 hadi 32 kabla ya pistoni kufika juu. Distribyuta kuukuu zenye springi zilizochoka husoma vizuri kwenye mizunguko ya chini na kupitiliza kwenye ya juu, na huko juu ndiko pistoni zinakotobolewa.

Plagi za 1600 zina uzi mfupi wa milimita 12.7, NGK B5HS inafaa. Zianze kwa vidole au kwa kipande cha mpira. Hedi ni alumini, uzi ukivukana umejitafutia kazi ya kuweka uzi wa bandia.

---

#6 Nyanda_za_Juu

Kwa wanaoendesha Nairobi na Limuru, na wale wanaoshuka Mombasa: Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 hadi 18, lakini kabureta haijui hilo, inamwaga petroli ile ile. Matokeo yake ni plagi nyeusi zenye masizi makavu, sailensa nzito, harufu ya petroli na oili inayochafuka haraka. Kwenye Solex 34 PICT-3 jeti kuu (kitundu kinachopima petroli) ya kawaida ni namba 127.5 hivi, huku juu shuka hatua moja au mbili, kwa mfano 125.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ukishuka pwani na jeti ndogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mkavu ndio unaopandisha joto la hedi. Anayesafiri juu na chini kila mara aweke jeti ya pwani, akubali kula petroli zaidi huku juu. Plagi yenye masizi inasafishika.

Kurekebisha sailensa kwenye 34 PICT-3: skrubu ndogo ya mchanganyiko ifungwe taratibu hadi mwisho, irudishwe mizunguko miwili na nusu, kisha skrubu kubwa ya njia ya pembeni ndiyo ipandishe au kushusha hadi injini izunguke mara 850 hivi kwa dakika. Skrubu ya mkono wa kipepeo usiitumie kupandisha sailensa. Hapo ndipo wengi wanapoiharibu kabureta nzima. Sailensa ikiyumba hata baada ya hapo, puliza kisafisha kabureta kwenye mipira miwili ya manifoldi, injini ikiwa bado baridi na kizimamoto mkononi. Ikibadilika sauti, kuna hewa inayoingia kinyemela.

---

#7 KasiNdogo

Wakuu, starta inafanya kazi asubuhi, ila ukizima gari likiwa na moto haliitiki, "tik" moja basi. Betri mpya. Starta mpya?

---

#8 WayaNaFyuzi

Usinunue starta bado, ndugu. Pima.

Waya wa kuamsha solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye starta) unatoka swichi ya ufunguo mbele kabisa na kusafiri urefu wote wa gari hadi nyuma. Viunganishi vya miaka hamsini vinapoteza volti, na solenoidi yenye moto inahitaji nguvu zaidi. Weka mita kwenye terminali 50 ya solenoidi, mtu awashe ufunguo. Ukipata chini ya volti 10 wakati betri yenyewe ina zaidi ya 11, tatizo ni njia ya umeme.

Hatua ya kwanza ni waya mnene wa athi unaounganisha pua ya giaboksi na bodi. Fungua ncha zote mbili, safisha hadi chuma king'ae, paka grisi, funga. Hapo pekee magari mengi yanapona.

Hatua ya pili ni rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo) ya ampea 30 karibu na starta, yenye miguu yenye namba. Namba 30 inapata umeme kutoka kwenye bolti kubwa ya starta kupitia fyuzi. Namba 87 inakwenda terminali 50. Namba 86 inapokea ule waya wa zamani wa ufunguo. Namba 85 athi. Waya wa 30 na 87 uwe wa milimita mraba 4. Sasa swichi inaamsha rilei tu, mzigo wote unachukuliwa hapo hapo nyuma.

Na siku utakapobadilisha starta kweli, badilisha pia bushi ndogo ya shaba iliyomo ndani ya kasha la giaboksi, inayoshika ncha ya shafti ya starta. Starta mpya kwenye bushi iliyolika inazunguka ikiwa imepinda, na utadhani umeuziwa mbovu.

---

#9 BatiNaNta

Niingie kwenye kutu, maana injini unaweza kuishusha kwa bolti chache, bodi huwezi.

Magari yaliyoishi Ulaya yalikula chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Ya Mombasa, Tanga na Dar yanakula hewa ya bahari. Kutu ni ile ile, ila ya Ulaya inaanzia chini, na ya pwani inashambulia hata mfereji wa mvua wa paa na fremu ya kioo.

Chukua bisibisi isiyo kali, dunga: pembe mbili za chini za fremu ya kioo cha mbele, sakafu chini ya miguu ya dereva, matao ya magurudumu, sehemu za kuwekea jeki, chini ya mlango wa kuteleza, na kitako cha betri ndani ya chumba cha injini upande wa kulia. Pale asidi imefanya kazi miaka mingi. Halafu sili, zile kingo ndefu chini ya milango.

Sili za Kombi hii ni tabaka tatu: ya nje inayoonekana, ya kati ya kuimarisha, na ya ndani. Gari hili halina chasi ya kujitegemea kama lori. Sili ni sehemu ya uti wake. Fundi akikubandikia bati jipya la nje juu ya bovu la ndani, umenunua rangi.

Utaratibu:

Ondoa mzigo ndani, kabati, kitanda, tenki la maji. Gari lisimame sawa kwenye stendi nne, chini ya sehemu za kubeba ekseli, si jeki moja katikati.

Pima pengo la mlango wa kuteleza juu, katikati na chini, uandike. Chomelea bomba la mraba kukingama mlango huo kabla ya kukata chochote. Usipofanya hivyo, mlango hautafunga tena sawasawa.

Chomoa betri na waya za altaneta. Tenki la petroli litoke kama unachomelea nyuma. Hapa hakuna mjadala.

Kata upande mmoja tu kwa wakati, maliza, ndipo uende wa pili. Ndani ya upande mmoja anza na tabaka la ndani, kisha la kati, la nje mwisho.

Bati liwe la milimita 1.0 hadi 1.2. Mashine ya kuchomelea ya MIG na waya wa milimita 0.6 au 0.8. Usikimbize mstari mrefu: piga nukta, ruka sentimita kumi, piga nyingine, rudi kujaza ikishapoa. Mstari mrefu unapinda bati kama chipsi. Panapolaliana, toboa matundu ya milimita 6 hadi 8 kila baada ya milimita 30 au 40 ujaze kwa kuchomelea, karibu na alivyofanya mtengenezaji kwa nukta zake. Nyuso zitakazofichika zipake praima ya zinki kabla ya kufunga.

Mwisho, nta ya ndani ya mashimo, kwa mpira mrefu wenye ncha ya kupuliza pande zote, baada ya rangi kukauka. Na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya sili yaachwe wazi. Nimeyataja mwisho ila ndiyo yaliyoozesha sili za awali: yalizibwa na rangi ya lami ya chini ya gari, maji yakakaa ndani.

---

#10 KasiNdogo

Faiba na puti kwenye sili zinaweza kusogeza mwaka mmoja miwili?

---

#11 BatiNaNta

Hapana, kaka. Faiba haishiki kwenye kutu, inashika kwenye vumbi la kutu. Unyevu unabaki nyuma yake, na jeki ikiwekwa pale inazama. Kama fedha hazijatosha, kwangua, paka dawa ya kugeuza kutu, piga nta, na uendeshe polepole hadi utakapopata za bati. Angalau kutu inaonekana na inafuatiliwa.

Nijibu pia la kioo kabla halijaulizwa. Silikoni juu ya mpira wa kioo unaovuja inafungia maji ndani. Toa kioo, tibu fremu, weka mpira mpya. Kurudisha: vesha mpira kwenye kioo, pitisha kamba laini ya milimita 4 au 5 kwenye mfereji wake wote, ncha zikutane chini katikati. Paka maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kwa viganja kutoka nje, wa ndani anavuta kamba taratibu kufuata pale mwenzake anaposukuma. Joto la jua linasaidia, mpira unakuwa laini.

---

#12 WayaNaFyuzi

Umeme wa kulala ndani. Tufanye hesabu kwanza, kununua baadaye.

Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 inakula karibu ampea 4 ikiunguruma, na kwa joto la kawaida inaunguruma theluthi ya siku: saa 8 × ampea 4 = ampea-saa (Ah) 32. Taa za LED na kuchaji simu, weka Ah 6. Jumla Ah 38 kwa siku. Betri ya asidi ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 50 za kutumia. Siku moja na robo, basi.

Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inatoa karibu ampea 5. Kwa saa tano za jua kali ni Ah 25. Haitoshi. Wati 200 ndizo zinazobeba friji hiyo na kukuachia akiba ya siku ya mawingu. Paneli ngumu ya wati 100 ina uzito wa karibu kilo 7, kwa hiyo mbili juu ya paa la kunyanyuka zitazielemea springi zake. Chagua nyembamba za kupinda, au uziweke chini kwa waya mrefu.

Kuchaji ukiwa njiani: Kombi zenye dainamo zinatoa ampea 30 au 38 tu, zile za kuanzia 1973 zenye altaneta zinafika 55. Mwenye dainamo asifunge betri ya pili iliyokauka halafu awashe taa kubwa usiku, dainamo itapata moto. Tumia rilei inayosoma volti, inayounganisha betri mbili zikifika karibu volti 13.3 na kuzitenga zikishuka 12.8 hivi. Waya kati ya betri milimita mraba 16, fyuzi ya ampea 60 kwa kila betri, sentimita 20 au 30 tu kutoka terminali. Watu huweka fyuzi moja. Waya ukikwaruzwa katikati, betri ya upande wa pili inaendelea kuulisha moto.

Betri ya lithiamu isiunganishwe kwa rilei hiyo. Inavuta mkondo mkubwa mno kwa altaneta ndogo; inataka chaja ya kati ya kubadilisha volti.

Na unene wa waya wa friji si jambo la kukisia. Friji iko mita 4 mbali, kwenda na kurudi mita 8. Waya wa milimita mraba 1.5 unapoteza volti 0.37 kwa ampea 4. Wa milimita mraba 4 unapoteza 0.14. Tofauti hiyo usiku, betri ikiwa imeshuka, ndiyo inayoamua friji iwake au ijizime.

---

#13 Spana13

Chini ya gari kwa ufupi, kwa kuwa si pagumu.

Breki: diski za mbele zilianza na modeli ya 1971, kabla ya hapo ni ngoma pande zote. Gari likivuta upande mmoja na breki kushikilia baada ya kuachia pedali, shuku mpira wa breki kabla ya kalipa. Ndani huvimba, mafuta yanakwenda lakini hayarudi. Badilisha mipira yote, jaza mafuta ya breki ya DOT 4, toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Rudia kila miaka miwili.

Giaboksi: takriban lita 3.5 za 80W-90 daraja la GL-4. Baadhi ya oili za GL-5 hushambulia shaba ya sinkronaiza (pete zinazolainisha kubadili gia). Na tafadhali, fungua plagi ya kujazia kwanza, kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 17, kabla ya kufungua ya kumwagia. Ikikataa kufunguka, bora uwe bado una oili ndani.

Klachi: pedali iteremke milimita 10 hadi 20 bila uzito kabla ya kukamata. Kebo zikikatika mara kwa mara, tatizo ni lile bomba la kupinda linaloishika karibu na giaboksi. Lazima lining'inie kwa upinde wa milimita 25 hadi 45. Likinyooka klachi inatetema, likikunjamana linasaga kebo.

Viungo vya ekseli: vinne, bolti sita kila kimoja, vichwa vyenye meno kumi na mawili vya namba 8. Safisha uchafu ndani ya kichwa kwa msumari kabla ya kuingiza kifaa, na ukigonge kiingie hadi mwisho. Kichwa kikilika, ni kazi ya siku nzima. Nm 45, kisha ukague tena baada ya kilomita 500.

Tairi ni 185R14 C, zile za mzigo. Za gari dogo zinaingia lakini ubavu wake ni laini, gari litayumba kwenye upepo. Mbele psi 30, nyuma 40.

---

#14 Mama_Kambi

Wakuu mmesahau gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inajaa sakafuni kama maji. Kabati la mtungi liwe na tundu la milimita 40 au 50 kwenye sakafu yake, linalotokea nje moja kwa moja, lisielekee ekzosi, na lisizibwe kwa sababu vumbi linaingia. Mtungi usimame wima, ufungwe mkanda. Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi. Ikizidi miaka mitano, utoe. Kila kiungo kipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

La pili, hita ya Kombi inapasha hewa kwa kuipitisha kando ya mabomba ya ekzosi. Bomba likitoboka ndani ya kasha la hita, moshi wenye kaboni monoksidi unaingia mnapolala, na gesi hiyo haina harufu. Kagua makasha hayo kila mnaposhusha injini, na kifaa cha kutambua kaboni monoksidi kiwe kwenye usawa wa kichwa cha aliyelala.

---

#15 Mlima_na_Bonde

HewaBaridi, mpira wa kuzunguka injini ulikuwa haupo upande mzima wa nyuma, na mabati ya chini ya silinda hayapo. Naagiza. Mama_Kambi, nauliza la paa: turubai lina ukungu mweusi na linavuja kwenye mishono.

---

#16 Mama_Kambi

Turubai la pamba, usitumie jiki wala mashine ya maji ya presha, vyote vinaondoa kinga na kudhoofisha nyuzi. Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, brashi laini, acha dakika ishirini, suuza, likauke juani paa likiwa wazi. Kisha dawa ya kuzuia maji ya mahema, mikono miwili, wa pili siku inayofuata. Mishono ipakwe nta ya mishono kutoka ndani na nje.

Ukilibadilisha, tumia pini za chuma kisichoshika kutu, na kabla ya kung'oa la zamani weka alama kwa penseli kwenye mbao pale mishono ya pembe inapokaa. Ukianza kulibana, anza katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukianzia kwenye pembe, mikunjo yote inakusanyika katikati na maji yanapata pa kusimama.

Na siku ukilazimika kulifunga likiwa limelowa, lifungue tena kabla ya saa 24.